Historia ya Uchunguzi wa Kifua Kikuu, na Swali Lililoulizwa Ikwiriri

Katika makala hii nakusudia kusimulia jinsi binadamu alivyojifunza kuutambua ugonjwa wa kifua kikuu, na jinsi elimu hiyo ilivyosafiri kwa mwendo wa kinyonga mpaka kuwafikia watu wa Rufiji. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha lugha. Walakini ugonjwa huu umepita katika ukoo wangu, na tena naamini kuwa habari zake ni habari za lugha kwa kiasi kisicho kidogo, maana mara nyingi mgonjwa hupona au hufa kwa kadiri alivyoulizwa swali moja mapema au kwa kuchelewa. Swali lenyewe ni fupi: "Umekohoa kwa muda gani?"

Ikwiriri ni mji mdogo wa mkoa wa Pwani, upande wa kaskazini wa mto Rufiji, katika barabara iendayo Lindi na Mtwara. Mtu atokaye Dar es Salaam hupita Kibiti kabla ya kuufikia, na akiisha kuuacha nyuma hukuta Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya daraja hilo watu na magari walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na mto ulipofurika safari ilisimama. Upande wa mashariki mto hugawanyika mikono mingi yenye mikoko, kisha humwagika baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia.

Zamani watu wengi wa nchi hii waliishi bondeni penyewe, kandokando ya mto, ambapo maji ya mafuriko huacha tope lenye rutuba ya mpunga. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha, wakaenda kukaa katika vijiji vya juu. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Rufiji. Nyumba zilihama, lakini mashamba hayakuhama. Kwa hiyo msimu wa kilimo ufikapo wakulima hushuka bondeni na kukaa miezi katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakiamia ndege na kuwafukuza nguruwe. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, kwa kuwa tutalirudia.

Tarehe 24 Machi 1882, katika mji wa Berlin, tabibu wa Kijerumani Robert Koch aliwatangazia wataalamu wenzake kuwa amekiona kijidudu kiletacho kifua kikuu. Kabla ya siku hiyo wengi wa watu wa Ulaya walidhani kuwa ugonjwa huu ni wa kurithi, au kuwa watokana na udhaifu wa mwili. Koch mwenyewe alisema kuwa katika kila watu saba wafao, mmoja huuawa na maradhi hayo. Muda mfupi baadaye Franz Ziehl na Friedrich Neelsen waliitengeneza vizuri zaidi njia ya kukipaka kijidudu hicho rangi. Makohozi hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi nyekundu na kupashwa moto, kisha huoshwa kwa asidi. Vitu vingine karibu vyote huiacha rangi. Kijidudu cha kifua kikuu huing'ang'ania, nacho huonekana katika hadubini kama kijiti kidogo chekundu. Njia hiyo ilitumika duniani kote kwa zaidi ya miaka mia, na hata leo haijaachwa.

Koch alifika katika nchi yetu. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria, na mwaka 1905 alirudi tena, akaichunguza homa ya papasi. Mwisho wa mwaka huo wa 1905 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Ndio mwaka ambao Vita vya Majimaji vilianza katika milima ya Umatumbi, kusini ya Rufiji, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya dawa, akanyongwa na Wajerumani pale Mohoro mwezi wa Agosti. Sitaki kuyafungamanisha mambo mawili yasiyofungamana. Nasema tu kwamba katika mwaka ule mtu aliyekijua kijidudu cha kifua kikuu kuliko watu wote wa dunia alikuwa katika nchi hii hii, na mkulima wa Rufiji aliyekohoa hakupata faida yoyote kwa ujuzi ule. Elimu yaweza kuwa karibu kwa hesabu ya maili, nayo ikawa mbali kwa hesabu ya watu.

Waingereza walipoitawala Tanganyika walifungua hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu mahali paitwapo Kibong'oto, katika nchi ya Kilimanjaro, mwaka 1926. Wakati huo hapakuwa na dawa. Matibabu yalikuwa kulala, kula vizuri, na kuvuta hewa baridi ya mlimani. Hospitali hiyo ilifanya kazi ya heshima, na hata leo ni kituo kikubwa cha taifa. Lakini na tufikiri habari ya mtu wa mabonde ya Rufiji katika miaka ile: avuke mto, asafiri mpaka Dar es Salaam, kisha mpaka Kilimanjaro, akae huko miezi au miaka, na shamba lake lilimwe na nani? Kwa mtu kama huyo hospitali ya mlimani ilikuwa kama haipo.

Ndipo dawa zilipokuja. Streptomisini ilipatikana Marekani katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, na isoniazidi ikafuata mwaka 1952. Madaktari waliona upesi kuwa dawa moja peke yake hushindwa, kwa sababu vijidudu vichache visivyouawa nayo huzaliana na kuchukua mahali pa vile vilivyokufa. Basi dawa hutolewa mbili, tatu, au nne kwa pamoja. Mwaka 1959 uchunguzi uliofanywa katika mji wa Madras, huko Bara Hindi, ulionyesha kuwa mgonjwa aliyenyweshwa dawa nyumbani kwake maskini alipona sawasawa na yule aliyelazwa hospitali na kulishwa vyema. Habari hiyo ilikuwa kubwa kwetu, ingawa ilitoka mbali. Maana yake ni kwamba kilichomponya mtu kilikuwa dawa ikinywewa mpaka mwisho, si hewa ya mlima.

Afrika Mashariki nayo haikukaa ikitazama. Kuanzia mwaka 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyoongozwa na Mabaraza ya Utafiti wa Tiba ya Uingereza na ya Afrika Mashariki. Wakati ule mgonjwa alitakiwa kunywa dawa kwa mwaka na nusu hivi. Majaribio hayo, ambayo matokeo yake ya kwanza yalichapwa mwaka 1972, yalionyesha kuwa dawa zikiongezwa rifampisini au pirazinamidi, miezi sita yatosha. Leo mgonjwa wa London au wa Bombay anayetibiwa kwa miezi sita anafuata njia iliyojaribiwa kwanza katika vifua vya watu wa kwetu. Sisi wenyewe huisahau habari hii.

Basi katika miaka ya sabini ujuzi ulikuwa tayari, na dawa zilikuwa tayari. Kilichopungua kilikuwa utaratibu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na katika kuuanzisha ilisaidiwa na tabibu Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Mtu huyu aliujua ugonjwa kwa nafsi yake, kwa maana aliupata alipokuwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa utawala wa Hitler. Pamoja na wenzake Watanzania hakuleta mashine mpya. Walileta daftari. Kila mgonjwa aliyeonekana na vijidudu katika makohozi aliandikwa jina. Makohozi yake yalipimwa tena baada ya miezi miwili, na tena baadaye, na mwisho wa matibabu. Kila robo ya mwaka mratibu wa wilaya alitakiwa kujibu: katika wagonjwa walioandikwa, wangapi wamepona, wangapi wamekufa, wangapi wametoroka dawa? Kuanzia mwaka 1982 wakaanza kutumia matibabu mafupi ya miezi minane. Wachumi walipopiga hesabu waliona kuwa kazi hiyo ni miongoni mwa kazi za afya ziokoazo maisha mengi kwa fedha kidogo. Katika miaka ya tisini Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 1993 lilikuwa limetangaza kifua kikuu kuwa hatari ya dharura kwa ulimwengu mzima, liliuchukua mfano huo wa Tanzania na kuusambaza katika nchi nyingi.

Lakini daftari lilikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba lilimhesabu aliyefika tu. Asiyefika hospitali hakuwamo katika hesabu ya wazima wala ya wagonjwa. Na tangu ukimwi uonekane Kagera mwaka 1983, wasiofika walizidi. Ukimwi huuvunja ukuta wa mwili, na kijidudu cha kifua kikuu, ambacho chaweza kulala ndani ya mtu miaka mingi bila ya kumdhuru, huamka. Mwaka 1983 wagonjwa walioandikwa Tanzania walikuwa kama 12,000; mwanzoni mwa karne hii walipita 60,000 kwa mwaka. Hadubini nayo ilizidiwa. Ili kijidudu kionekane kwa hadubini, sharti mililita moja ya makohozi iwe na vijidudu maelfu kwa maelfu. Mwenye ukimwi mara nyingi hutoa vichache, na mtoto mdogo hawezi hata kutoa makohozi. Jibu la maabara huwa "hakuna", na mgonjwa hurudi nyumbani na kijidudu chake.

Hapa ndipo Ikwiriri inapoingia katika historia hii. Katika miaka ya tisini Wizara ya Afya, pamoja na msaada wa Kanada, iliendesha mradi wa kupima kama wilaya zaweza kutumia fedha chache za afya kwa busara zaidi, zikiongozwa na hesabu za maradhi yanayowaua watu wake hasa. Wilaya zilizochaguliwa zilikuwa Rufiji na Morogoro. Mwaka 1998 ukaanza Rufiji utaratibu wa kuwahesabu watu nyumba kwa nyumba, na makao yake yakawa Ikwiriri; baadaye kazi hiyo ikawa chini ya Taasisi ya Afya ya Ifakara. Watu wapatao 85,000 waliandikwa. Kila miezi minne mdadisi alipita kila nyumba akauliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Palipokuwa na kifo, mwingine alikuja baadaye kuwahoji wafiwa juu ya ugonjwa wa marehemu, na madaktari wakayasoma majibu na kukisia sababu ya kifo.

Hesabu hizo zilifanya kazi kubwa. Wakuu wa afya wa wilaya waliona kwa macho yao kuwa fedha zao hazikufuata maradhi yaliyowaua watoto, wakazigawa upya, na katika miaka michache vifo vya watoto wadogo vikapungua sana. Siwezi kuandika neno la kuidharau kazi ile. Lakini nataka kueleza jinsi ilivyofika katika nyumba moja.

Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, alikuwa mkulima wa mpunga katika kijiji kisicho mbali na Ikwiriri. Alianza kukohoa bondeni, wakati wa kuamia ndege, akasema ni moshi wa dungu. Baada ya mavuno alikwenda kwenye zahanati moja, akapewa dawa ya malaria. Akaenda tena, akapewa dawa ya kikohozi. Akakonda, usiku akawa analowa jasho, na mganga wa kienyeji akamwambia kuwa amelishwa kitu. Makohozi yake hayakupimwa hata siku moja. Alifariki mwaka 1999.

Miezi kadhaa baadaye kijana mmoja alifika kwa baiskeli, na madaftari mkobani. Nilikuwapo, maana nilikuwa mwanafunzi nimekuja likizo. Akampa pole mke wa mjomba, akaketi mkekani, akaomba ruhusa ya kuuliza.

"Samahani mama, marehemu alikohoa kwa muda gani?"

"Tangu kuamia ndege mpaka siku aliyokufa."

"Alikonda?"

"Alikwisha, baba. Alibaki mifupa."

Kijana akaandika. Mjane akamtazama kitambo, kisha akamwambia, "Mwanangu, swali hilo ni zuri. Mbona hukuja kuliuliza alipokuwa hai?"

Kijana alinyamaza. Hakuwa na jibu, wala hakuwa na kosa. Alitumwa kuhesabu wafu, na kazi yake aliifanya kwa adabu. Hakika ya ugonjwa wa mjomba hatukuipata kamwe, kwa kuwa kifua kikuu na ukimwi vyote viwili hukondesha, na maneno ya wafiwa hayatoshi kuvitenganisha. Lakini swali la mjane limekaa nami kwa miaka mingi, na kadiri nilivyosoma habari za utafiti uliofuata ndivyo nilivyoona kuwa watafiti nao, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wakilijibu.

Mwaka 2000 ilichapwa taarifa ya uchunguzi wa Mwanza, iliyoonyesha kuwa tangu mtu kuanza kuugua mpaka kuanza dawa zilipita siku 185 kwa wastani, yaani miezi sita, na sehemu kubwa ya siku hizo zilipotea kabla mgonjwa hajafika hospitali. Mwaka 2009 ikachapwa nyingine, ya mkoa wetu wa Pwani: wagonjwa 226 wa wilaya nne kati ya sita waliulizwa habari zao, na wengi wao walikuwa wamechelewa. Mtu akizisoma taarifa hizi kwa haraka aweza kusema kuwa kosa ni la mgonjwa. Mimi nasema, na alikumbuke dungu. Mwenye kuamia ndege akiondoka siku tatu kwenda kupima kifua, atarudi akute mabua matupu. Yeye huchagua kati ya kikohozi, ambacho labda kitapoa, na njaa, ambayo hakika itakuja. Katika hali hiyo sioni uvivu wala ujinga.

Mwezi wa Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani lilikubali mashine mpya iitwayo GeneXpert. Mashine hii haitafuti kijidudu kizima, bali hutafuta chembe za urithi zake, na kwa muda wa saa mbili hivi hutoa jibu, na tena husema kama kijidudu chaweza kuishinda rifampisini. Huona mengi yasiyoonwa na hadubini. Watu walitumaini kuwa vifo vitaanguka mara moja. Lakini uchunguzi mkubwa uliofanywa Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Mbeya kwetu Tanzania, uliochapwa mwaka 2014, ulionyesha jambo la kufundisha: mashine iliwafanya wagonjwa wengi zaidi waanze dawa siku ile ile, lakini baada ya miezi sita hali za wagonjwa wa upande huu na wa upande ule hazikutofautiana. Sababu moja ni kuwa madaktari wenye uzoefu walikuwa wakiwapa dawa wagonjwa wengi kwa kuwatazama tu, bila ya kungoja maabara. Mashine ilimfaa aliyekwisha kufika. Haikuweza kumfuata aliye mbali.

Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO lilimfundisha panya buku kunusa makohozi. Makohozi yaliyokwisha kupimwa hospitalini na kuandikwa kuwa safi huletwa mbele yake. Anaponusa kijidudu husimama na kukwaruza, kisha maabara hupima upya. Kwa njia hiyo wagonjwa wengi waliokuwa wamerudishwa nyumbani wametafutwa tena. Twaweza kucheka kwamba panya amemshinda mwenye hadubini. Lakini baada ya panya kusimama, bado hutakiwa mtu wa kwenda mtaani kuuliza jina na kubisha hodi, na pasipo mtu huyo kazi ya panya ni bure.

Mwaka 2012 Tanzania ilifanya kwa mara ya kwanza uchunguzi wa nchi nzima, ambao haukungoja wagonjwa. Watafiti waliwafuata watu wazima wapatao 50,000 vijijini na mijini, wakawauliza habari za kikohozi na kuwapiga picha za kifua. Wakaona ugonjwa mwingi kuliko uliodhaniwa. Mwaka 2018 ilikadiriwa kuwa watu wapatao 142,000 waliugua kifua kikuu nchini, lakini walioandikwa walikuwa 75,000 na kitu. Karibu nusu walikuwa hawajulikani. Tangu hapo wahudumu wa afya wa vijiji, waganga wa kienyeji na wauza maduka ya dawa wamefundishwa kuwatambua wenye dalili na kuwapeleka kupimwa. Mwaka 2022 walioandikwa walikuwa wapatao 100,000, na vifo vimepungua kwa zaidi ya nusu ya vile vya mwaka 2015.

Haya ni maendeleo ya kweli. Lakini sehemu ya kazi hii ya kutembea na kuuliza ililipwa kwa fedha za kigeni, na mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure kwetu, na ni wajibu ziendelee kuwa bure. Lakini dawa iliyomo kabatini haimjui mtu aliyemo dunguni. Mashine ikikosa fedha watu huona, kwa kuwa taa yake huzimika. Mtembezi akikosa fedha hapana aonaye. Anabaki nyumbani kwake, na swali lake linabaki naye.

Mambo niliyoyasimulia hapa yamechukua zaidi ya miaka 140, na yote yanaelekea upande mmoja. Koch alikitambua kijidudu, majaribio ya Afrika Mashariki yakafupisha dawa, Styblo na wenzake wakamwandika mgonjwa aliyefika, na Ikwiriri ikamhesabu hata yule aliyekufa bila ya kufika. Kila hatua ililisogeza swali mbele kidogo, kutoka kaburini kuelekea kitandani, na kutoka kitandani kuelekea mlangoni. Hatua iliyobaki ni ya kutoka mlangoni kushuka bondeni. Wizara imekwisha kuweka kanuni: mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, na apimwe. Kwa nchi ya Rufiji wiki hizo mbili ni wiki za kuamia ndege, na mwenye kuuliza hana budi kuzijua nyakati za mpunga kama anavyozijua nyakati za dawa.

Mke wa mjomba angali hai. Nilipomtembelea mara ya mwisho alinieleza kuwa binti mmoja mhudumu wa afya hupita kijijini kwao na vikopo vya makohozi. Nikamwuliza kama hufika mpaka madunguni. Akasema, "Mwaka jana alifika mara moja. Mwaka huu bado hatujamwona."